“Leo umenikumbuka?” Jibu kwa dada anayeogopa kupiga simu

Swali: Hujambo mshauri. Nimefanya kazi ya ununuzi kwa miaka 11 katika kiwanda kimoja hapa Nairobi, Eneo la Viwanda. Mwezi wa Februari niliacha kazi nikaanza biashara yangu ya vifaa vya usalama kazini: buti, glavu, helmeti, ovaroli. Simu yangu ina majina zaidi ya 1,300 ya watu niliokutana nao kazini, lakini kila nikitaka kupiga, mkono unakuwa mzito. Wengi hatujaongea miaka mitatu, minne. Wiki jana nilijikaza nikampigia mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa stoo katika kampuni jirani, mtu mwema ambaye mwaka 2021 ndiye aliyenielekeza kwa muuzaji wa jumla wa buti ninayenunua kwake mpaka leo. Aliposikia sauti yangu akasema, “Eeh, leo umenikumbuka?” Nikaishiwa maneno. Nikasema nilikuwa nasalimia tu, nikakata. Nitadumishaje uhusiano na watu wa kazi kwa simu bila kuonekana kero au ombaomba? Msomaji, Donholm.

Jibu:

Dada, asante kwa kuandika. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yanarudi kwa yule mzee wa stoo. Karibu kila kitu unachokitafuta kimo katika ile simu yenu fupi, kwa hivyo acha nianze naye.

“Leo umenikumbuka?” ni maneno yanayochoma, lakini yasikilize vizuri. Mtu asiyekujali hawezi kuyasema. Asiyekujali angeuliza, “Nani mwenzangu?” kisha angengoja umalize. Mzee huyu alitambua sauti yako mara moja, akakumbuka kwamba ulinyamaza, akakulalamikia jinsi mtu anavyomlalamikia mpwa wake aliyepotea. Aliona pengo lako. Wewe ukasikia kama mlango unafungwa, kumbe ulikuwa unafunguliwa kwa lawama kidogo, kama ilivyo desturi yetu.

Kilichokunyima maneno ni kwamba ulipiga kwa sababu una bidhaa za kuuza, na ulijua hivyo. Ukaficha, ukasema unasalimia tu, naye akajua umeficha. Siku nyingine mtu akikuambia hivyo, mpe ukweli wa sentensi moja: “Ni kweli Mzee, nimekaa kimya sana, na sikufanya vyema.” Ukishasema hivyo, nyamaza. Usianze habari za shughuli nyingi wala msongamano wa Mombasa Road. Nairobi nzima ina shughuli na Nairobi nzima imekwama barabarani. Anayekubali lawama ndogo huimaliza palepale, na anayejitetea huirefusha.

Nimefanya kazi ya kuajiri na kushauri watu kuhusu ajira kwa miaka 22, na hofu yako naisikia karibu kila wiki, kwa wahandisi, wahasibu, mawakili, hata mameneja wenye nywele nyeupe. Kila mmoja anaamini kwamba simu yake itakuwa mzigo kwa mwenzake. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900. Waliona kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria kwa kiwango cha chini shukrani ya yule anayetafutwa, na kwamba jinsi mawasiliano yanavyokuwa ya ghafla na yasiyotarajiwa ndivyo anayetafutwa anavyoyathamini zaidi. Yaani ukimya wenu wa miaka minne, ambao wewe unauona kama kizuizi, ndio unaoipa simu yako uzito upande wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa biashara anapaswa kulijua. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia watu waliowafahamu. Aliwauliza 54 kati yao: mtu aliyekupa habari ya kazi hiyo, mlikuwa mkionana mara ngapi wakati huo? Asilimia 16.7 walisema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja. Na asilimia 27.8 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Sababu yake ni nyepesi kuielewa ukiitazama Donholm. Rafiki yako wa karibu anajua yale unayoyajua, kwa kuwa mnakaa meza moja na mko katika makundi yaleyale ya WhatsApp. Lakini yule karani wa stoo mliyefanya naye kazi 2018, ambaye sasa yuko shamba la maua Naivasha, anasikia mambo ambayo masikio yako hayafiki. Yeye ndiye anayejua kwamba buti za wafanyakazi wa kule zimechakaa na muuzaji wao wa sasa anawachelewesha.

Kwa hivyo unayo hazina, dada. Tabu ni kwamba umeiacha ikalala, na sasa unataka kuiamsha yote kwa siku moja.

Usifanye hivyo. Majina 1,300 hayawezi kutunzwa na binadamu mmoja. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, amekuwa akieleza tangu miaka ya 1990 kwamba uwezo wetu wa kushika uhusiano wa kweli unakaribia watu 150, na ndani yake wa karibu zaidi ni wachache mno. Ukiondoa familia, watu wa kanisani, wa chama na majirani, nafasi iliyobaki kwa watu wa kazi haizidi 40 au 50. Keti jioni moja na simu yako, uwachague hao 40.

Uchague vipi? Wengi huanza na vyeo: mkurugenzi, meneja mkuu, mheshimiwa. Mimi nakushauri uanze na kumbukumbu. Ukiliona jina, jiulize: tulifanya nini pamoja? Kama jibu linakuja mara moja (“huyu tulikesha naye kuhesabu stoo mwisho wa mwaka”, “huyu aliniletea mzigo siku ya mvua kubwa”), mwache kwenye orodha hata kama sasa ni dereva wa lori. Kama jina ni “Jamaa wa Mabati” na huna sura yake kichwani, mwache apumzike. Na usiwadharau wasio na vyeo. Katika ununuzi unajua vizuri kuliko mimi kwamba mtu wa stoo ndiye anayeshika buti lililopasuka kabla meneja hajapata habari.

Wale 40 uwahifadhi upya kwa jina kamili, kazi, mahali mlipokutana na mwaka. Simu nyingi za hapa mjini zimejaa majina ambayo mwenyewe hayaelewi tena, na nambari usiyokumbuka ni ya nani ni sawa na kukosa nambari.

Hapa niseme jambo zito kidogo. Kama baadhi ya hizo nambari 1,300 ulizitoa kwenye orodha ya wateja au wasambazaji ya kiwanda, hizo waachie wenyewe. Watu mliofahamiana ana kwa ana ni wako. Faili ya kampuni si yako. Na usishawishike kununua huduma ya kutuma ujumbe kwa wote kwa mkupuo, “Tunauza buti bora kwa bei nafuu.” Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu nambari ya mtu kuwa data yake binafsi, na inataka ridhaa yake kabla ya kuitumia kibiashara. Hata kama sheria isingekuwepo, ujumbe wa namna hiyo ungekufanya uwe mmoja wa wale watu wanaofutwa bila kusomwa.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali lako, maana najua unajiuliza: sawa, nimewachagua 40, nitawaambia nini? Siwezi kupiga kila mwezi nikiuliza habari za nyumbani.

Nitakueleza kilichonifunza. Mwaka 2006 nilikuwa kijana katika ofisi moja ya kuajiri, na nilihitaji mhasibu wa haraka kwa mteja. Nikampigia mhadhiri mmoja mstaafu, mama mwenye moyo mkubwa, aliyekuwa amewafundisha nusu ya wahasibu niliowajua. Alitumia siku mbili nzima kuwatafuta wanafunzi wake wa zamani, akaniletea majina matatu. Mteja akamchukua mmoja, mimi nikalipwa, nikaendelea na mengine. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikawa na shida kama ileile, nikampigia tena. Alinisalimu vizuri, kisha akaniuliza kwa upole sana, “Wale watoto wangu watatu, mlimchukua yupi? Wawili walinipigia wakiuliza, nikawa sina la kuwaambia.”

Sikuwa na jibu la heshima. Nilikuwa nimemchukulia watu wake, nikamwacha mikono mitupu mbele yao. Yeye hakukasirika, lakini hakunipa jina lingine tena, na sikuwa na uso wa kuomba.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, na ndilo ninalokuachia wewe: rudisha jibu. Kila mtu aliyewahi kukusaidia alikupa kitu kisha akabaki gizani. Alikupa nambari, hakujua kama ulipiga. Alikushauri usome kozi fulani, hakujua kama ulimaliza. Alikuonya kuhusu mteja asiyelipa, hakujua kama ulimwepuka. Ukipiga kumwambia kilichotokea, simu hiyo haina uombaji ndani yake. Humwombi, unampa mwisho wa hadithi aliyoianzisha yeye mwenyewe. Na katika mazungumzo hayo atakuambia jambo lake: binti yake anangoja matokeo, kampuni yao inahamia Athi River, anafikiria kustaafu mwakani. Hilo ndilo linalokupa sababu ya simu ijayo. Matokeo yakitoka unapiga. Wakishahama unauliza walifikaje. Hutalazimika kamwe kubuni kisingizio, kwa sababu kila simu inaacha uzi unaoning'inia, na kazi yako ni kuukumbuka.

Kukumbuka kunahitaji kuandika. Nunua daftari dogo, la karatasi, na kila ukikata simu andika mistari miwili palepale: tarehe, alichosema, ulichoahidi. Simu hupokonywa kupitia dirisha la matatu. Daftari la karatasi hakuna anayelitaka. Kama unapenda kuandika kwenye simu, pia sawa, mradi majina yako yawe yamehifadhiwa kwenye akaunti yako ya barua pepe na si kwenye laini peke yake. Ulichoahidi ukipigie mstari. “Nitakutumia ile nambari” ni maneno tunayoyatamka mara tano kwa siku, na tukiyatimiza mara moja ni bahati. Wewe uwe yule anayeituma kabla ya jioni. Na kabla hujaituma, muulize mwenye nambari kama anaridhia ipewe mtu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu 40, simu mbili kwa wiki, kila mmoja anasikia sauti yako mara mbili au zaidi kwa mwaka. Wale wa karibu zaidi watakuja mara nyingi bila mpango. Simu mbili kwa wiki humshinda nani?

Niseme kidogo kuhusu namna ya kupiga, kwa kuwa Nairobi ina mambo yake. Watu wengi hapa wameacha kupokea nambari wasizozijua, na wana sababu. Wamechoshwa na matapeli wanaodai umetumiwa pesa kimakosa. Wengine bado wana makovu ya programu za mikopo zilizokuwa zikichukua orodha ya majina katika simu ya mkopaji na kuwapigia jamaa na wakubwa wake kazini ili kumwaibisha. Benki Kuu ilikataza mtindo huo katika kanuni za 2022, lakini hofu haijaisha. Kama laini yako mpya inaanza na 01, zile zilizoanza kugawiwa 2019, wapo ambao hadi leo wakiiona wanasita. Kwa hivyo mtu mliyepoteana naye mtumie ujumbe kwanza. Jina lako kamili, mlipofahamiana, na utapiga lini: “Habari ya siku nyingi. Mimi ni fulani, tulikuwa wote kwenye ukaguzi wa stoo 2019. Nitakupigia leo saa kumi kwa dakika tatu, nina habari ya kukupa. Kama saa hiyo si nzuri niambie.” Ujumbe kama huo unamwondolea mtu wasiwasi, na unamwezesha kukataa bila kukosa adabu.

Akipokea, sema jina lako kabla ya kitu chochote. Usimuulize “Unanikumbuka?” wala “Hebu nadhani ni nani?” Huo ni mtihani, na mtu mzima hapendi kufeli mtihani akiwa ofisini mbele ya wenzake. Salamu zisirukwe, sisi si watu wa kuanza na jambo kama tunasoma hati. Lakini zisigeuke mchezo wa kupitisha wakati. Salimu, uliza jambo moja unalolijua kuhusu maisha yake, kisha sema ulichopigia. Uliomba dakika tatu, kwa hivyo zikifika mwambie zimefika. Akitaka kuendelea ataendelea yeye, na hapo mazungumzo ni yake.

Na kama siku hiyo unauza, sema unauza. “Mzee, nimeanza biashara ya vifaa vya usalama, ningependa ujue.” Sentensi hiyo haina aibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Unauza kitu ambacho kila karakana na kila jengo linalojengwa linakihitaji. Kinachowaudhi watu ni kuzungushwa dakika kumi kisha jambo lenyewe liangushwe mwishoni.

Saa ni muhimu. Jumatatu asubuhi waache. Kabla ya saa tatu wengi wako njiani au mkutanoni. Kwa uzoefu wangu saa nne hadi saa sita kasorobo ni nzuri, na tena saa tisa hadi saa kumi na nusu. Jioni mtu akikuambia anaendesha gari, mwambie utampigia baadaye, ukate wewe. Kwa watu wa ununuzi serikalini na kaunti, kumbuka mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Mwezi huo hawana hata nafasi ya kula. Wapigie Julai, wakati wamepumua.

Kuhusu hao wa serikalini, sina budi kukuonya. Kama umewasilisha bei kwenye zabuni ya umma na tathmini inaendelea, nyamaza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inakataza kuingilia tathmini, na hata simu ya salamu tupu inaweza kumweka rafiki yako pabaya. Mwambie mapema, kabla zabuni haijafungwa: “Kuanzia leo sitakupigia hadi mambo haya yaishe, usidhani nimekususia.” Mtu mwadilifu atakuheshimu kwa hilo, na akiwa ofisini miaka 20 ijayo bado atakuheshimu.

Kuflashi mtu wa kazi ni marufuku kabisa, hata kama kredo imeisha, tuma ujumbe. Ujumbe wa sauti wa dakika nne humlazimisha mwenzako atafute vifaa vya masikioni ndipo ajue unataka nini. Picha za maua za “Jumapili njema” hazihesabiki kuwa mawasiliano. Makundi ya WhatsApp ya kitaaluma yana faida ya kupata habari, lakini hakuna aliyewahi kuwa karibu na mtu kwa kuandika “Hongera” la thelathini na saba chini ya jina lake. Ukiona amepandishwa cheo, toka kundini umpigie. Amit Kumar na Nicholas Epley, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2021 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huogopa simu ya sauti wakidhani itakuwa na ukakasi kuliko maandishi. Walipopiga kweli, ukakasi haukuwa mkubwa kama walivyotarajia, na walijisikia karibu zaidi na mwenzao. Sauti ina pumzi, ina kicheko, ina kule kusita kunakokuambia kwamba mtu hayuko sawa.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye kutokuwa sawa. Katika watu wako 40, mwaka huu wapo watakaofiwa, wapo watakaolazwa, wapo watakaopoteza kazi. Sisi ni watu wa harambee. Kundi litafunguliwa, mhazini atatajwa, utatuma chako kwa M-Pesa na jina lako litaingia kwenye orodha. Hiyo ni nzuri, ifanye. Lakini piga simu pia, na usiipige siku ya kwanza, wakati nyumba imejaa watu na simu inalia bila kikomo. Piga wiki ya tatu baada ya maziko. Hema limeshang'olewa, wageni wamerudi kwao, kundi la WhatsApp limefungwa, na mwenzako amerejea kazini huku kila mtu akimtazama kama aliyekwisha kupona. Muulize tu, “Unaendeleaje?” kisha usikilize. Usitaje biashara hata kama yeye mwenyewe ataitaja. Mwambie hayo mtayaongea siku nyingine. Aliyepoteza kazi pia mpigie. Watu 100 waliokuwa wakimwita bosi wiki iliyopita wameshanyamaza, na wewe uliyetoka kwenye ajira Februari unajua ukimya huo unavyosikika ndani ya nyumba. Simu za namna hii sizihesabu kuwa mbinu. Ni deni tunalodaiwa na watu tuliokula nao jasho, na kama ukilipa kwa nia ya kufaidi watalijua hilo pia.

Kwa wakubwa sana, yule mkurugenzi ambaye ulimwona mara mbili mkutanoni, usipige moja kwa moja. Tuma ujumbe, au pitia kwa katibu wake, na umjue katibu huyo kwa jina lake.

Halafu nambari yako mwenyewe: ishike. Hapa Nairobi wapo watu wenye 0722 na 0733 tangu mwaka 2000 au karibu na hapo; mtandao wa Kencell umegeuka Celtel, ukawa Zain, ukawa Airtel, wao nambari ni ileile, na mtu aliyewajua zamani bado anawapata. Tangu Aprili 2011 unaweza kuhama mtandao ukabaki na nambari yako, kwa hivyo ofa ya bando isikufanye upoteze miaka 11. Laini iliyoachwa bila kutumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine. Mteja wako wa zamani atapiga, atajibiwa na kijana wa Kisii asiyekujua, na huo ndio utakuwa mwisho wenu.

Sasa turudi kwa mzee wa stoo. Soma tena barua uliyoniandikia. Umesema mwaka 2021 alikuelekeza kwa muuzaji wa jumla wa buti, na mpaka leo unanunua kwake. Umewahi kumwambia? Nadhani hapana, maana ungekuwa umemwambia, wiki jana usingeishiwa maneno. Huyu mtu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza la biashara yako, na hajui kama biashara ipo.

Mtumie ujumbe Jumatano. Alhamisi saa nne umpigie. Mwambie, “Mzee, wiki jana uliniambia leo nimekukumbuka, na ulikuwa na haki. Nilikupigia nikashindwa kusema nilichotaka. Yule mtu wa buti uliyenielekeza 2021, nilimpata. Miaka yote hii nimenunua kwake, hajaniangusha, na Februari nilipoacha kazi nikaanza biashara yangu, yeye ndiye aliyenipa mzigo wa kwanza. Nilipaswa kukuambia zamani.”

Kama mzigo wa kwanza hukuupata kwake, sema ilivyokuwa, usimpambie. Kisha nyamaza umsikilize. Akikuuliza unauza nini, mwambie. Asipouliza, muulize yeye anaendeleaje, na ukikata simu uandike mistari miwili.